Mstari Uliobaki Kinondoni

Karakana ya Vinyago,
Tandika, Temeke.
7 Machi 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Nakutakia Ramadhani njema, ingawa mie sifungi na nimetoka kunywa chai sasa hivi. Utanisamehe.

Disketi iliyomo kwenye bahasha hii ndiyo faili ya kwanza ya karakana yetu. Nimeiandika kama ulivyotufundisha kwenye semina: kila kinyago mstari wake, namba mwanzoni, halafu jina la kinyago, mchongaji, urefu, hali na bei. Twaha dereva nimemwambia asiiweke juu ya dashibodi, jua litaikunja. Akanicheka. Kwa hiyo nimeifunga kwenye kipande cha kanga, na kanga hiyo naitaka.

Nina tatizo. Meneja Adelard wa huko ofisini kwenu kasema kila kitu kilichomo chini ya bati letu kiingie kwenye kompyuta, maana wafadhili wanataka kujua tuna nini. Sawa. Lakini kuna kinyago kimoja cha baba yangu ambacho hakijakwisha na hakiuzwi. Nilikipa namba 212, kisanduku cha bei nikakiacha tupu. Kompyuta ikapiga kelele, ikaniuliza kama nina hakika. Sina hakika! Mimi nimejifunza hii mashine juzi tu. Nimeogopa, nimeutoa ule mstari wote ili disketi iweze kuja. Nifanyeje?

Simu yetu bado imekufa. Wanasema maji yameingia kwenye waya, na mvua zenyewe hata hazijaanza. Andika.

Recho Nandonde


Ofisini, Kinondoni.
9 Machi 1994

Mdogo wangu Recho,

Marahaba. Chai umekunywa wewe, mate nimemeza mie. Mungu anakuona.

Disketi imefika na kanga yako hii hapa, nimeifua. Faili nimeiingiza kwenye mashine kubwa, imekubali yote. Nikueleze inavyofanya ili usiwe unaiogopa. Yenyewe inasoma namba. Wewe andika jina zuri la kinyago, kipambe unavyotaka, haijali. Ikikuta namba isiyoijua, inaongeza mstari. Ikikuta namba inayoijua, inabadilisha ya zamani kwa uliyoyaleta wewe. Basi! Ukikosea wiki hii, rekebisha wiki ijayo, na huku kwangu patajirekebisha penyewe. Tandika na Kinondoni zitakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake.

Sasa hilo la kisanduku kitupu. Mashine yangu haitaki tundu, mwanangu. Usiache tundu hata siku moja, itagoma na faili nzima. Kinyago cha mzee kiandikie bei yoyote, elfu tano, elfu kumi, utabadilisha baadaye. Ni namba tu, haimuumi mtu.

Mwezi wa Idi ukiandama nitamtuma Twaha na visheti. Nisalimie Mzee Romani, mwambie kifua chake akikande kwa mafuta ya mkaratusi na asibishane na dawa za hospitali.

Mwamvita Pazi


Tandika.
18 Machi 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Visheti tumekula. Jonas wa stoo amekula vyake, kisha akaanza kuvihurumia vyangu.

212 nimeiingiza. Bei nimeandika elfu kumi kama ulivyosema, lakini roho haikutaka, na nakueleza kwa nini, maana hapa karakana mwanamke ni mimi peke yangu na wanaume hawa ukiwaambia jambo wanakohoa.

Kile kinyago ni mama. Baba alianza kumchonga mama alipofariki, mwaka juzi. Amekaa chini, miguu kainyoosha, anapepeta mchele. Kila kitu kipo: ungo, magoti, hata kile kidole chake kilichowahi kuvunjika kikaungana vibaya. Uso ndio haupo. Pale pa uso ni mpingo mtupu. Baba alikuwa akisema, uso nitaufanya mwisho, nikiwa nimetulia. Sasa kifua kimemshinda, tezo haikamatiki, na amesema uso ataumaliza kaka yangu Albano aliyeko Newala, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kwa mkono wake. Mtu mwingine asiguse. Wachongaji wote wanajua. Kimefunikwa kwa kanga ya mama, na hakuna anayeinua hata pindo.

Kwa hiyo ukiiona 212, usiihesabu.

Baba anakusalimu. Anasema ajabu hii, mti alioubeba begani toka Newala sasa umo ndani ya kisahani cha plastiki.

Recho


Tandika.
18 Aprili 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Nimerudi kazini leo. Disketi hii hapa, vinyago vipya viko mwishoni. Faili nimeisafisha, kuna mistari nimeitoa, isikushangaze ikiwa imepungua. Kanga ya kufungia sina, nimetumia gazeti.

Recho


Kinondoni.
21 Aprili 1994

Recho, mdogo wangu,

Pole. Pole mama, pole sana. Lakini mie mtu gani hata nikakupa pole kwa karatasi? Msiba hauandikiwi barua, unaendewa. Nilikuwa Kimbiji kwa mama yangu, aliteleza uani akaumia nyonga, na mvua hizi zimeikata barabara hata pikipiki haipiti. Nimerudi juzi, ndipo Twaha ananiambia Mzee Romani amezikwa wiki mbili zilizopita. Nililia na ndoo ya maji mkononi. Arobaini nitakuja, panapo majaliwa, na unga nitabeba.

Albano je, aliwahi? Hukuandika, na sikulaumu. Umeandika barua fupi kama risiti.

Faili nimeingiza, imekubali bila kelele. Ulichokitoa sikukichungulia.

Jambo la kazi, halafu nikuache. Kuna oda kubwa ya nje, meneja hakai kitini kwa furaha. Gari litakuja mwanzoni mwa Mei kubeba. Orodha itatoka kwenye mashine yangu, kila namba imo, kwa hiyo wewe usihangaike, mwachie Jonas. Pumzika. Mwenye kovu usidhani kapoa, nami sidhani umepoa.

Dada yako,
Mwamvita


Tandika.
9 Mei 1994

Dada Mwamvita,

Leo sina shikamoo.

Nilikuwa Chanika kwa shangazi, tunatayarisha mihogo na kuni za arobaini. Nimeingia stoo asubuhi hii. Kanga ya mama imekunjwa juu ya kigoda. Kinyago hakuna.

Jonas anasema gari lilikuja Alhamisi na orodha, na 212 imo. Anasema alisita, akamwambia Twaha kile hakiuzwi. Twaha akamwonyesha karatasi ya kompyuta: Romani Nandonde, elfu kumi. Jonas akasema labda Recho kabadili mawazo, si ndiye anayejaza? Akamfunua mama, akaikunja kanga. Hata kuikunja ameikunja kwa heshima, na hiyo ndiyo inayoniuma, maana sina wa kumpigia kelele.

Mie nilikifuta! Siku ile niliyorudi kazini nilikaa mbele ya mashine nikafuta 212. Kisha nikafuta na vyote vya baba, vilivyouzwa na visivyouzwa, kila mstari wenye jina lake, kwa sababu nilikuwa nikishuka na ile faili namkuta yeye, nashuka tena yeye, nashuka tena yeye, na nguvu hizo sikuwa nazo. Vingine vikibebwa havinisumbui, alivichonga viuzwe. Lakini 212! Wewe ulisema kwako patajirekebisha penyewe. Ulisema mtu na kivuli chake.

Arobaini ni Jumapili. Uliniuliza kama Albano aliwahi. Hakuwahi. Mvua zilimfungia ng'ambo ya Rufiji, kivuko hakivuki, baba akazikwa yeye amekaa kando ya maji na begi lake, mwishowe akarudi Newala. Sasa anakuja kwa meli toka Mtwara, na anachokuja kukifanya ni huo uso. Hana kingine alichobakiwa nacho cha kumfanyia baba. Nimwambie nini?

Kiko wapi?

Recho


Kinondoni.
10 Mei 1994

Recho,

Shikamoo yako sijaidai.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaenda kwenye mashine. 212 ipo. Mzee yupo, mistari yake yote ipo, hakuna hata mmoja uliotoka. Nimetazama mpaka nimeelewa, na nakueleza ujue kosa liko wapi.

Mashine hii inajua kuongeza na inajua kubadilisha. Kufuta haijui. Disketi yako ilipokuja bila 212, haikusema, Recho kaiondoa. Ilisema, leo Recho hakuitaja 212, ikaiacha ilivyo. Kitu kikitakiwa kutoka kwangu, lazima mie mwenyewe nikitoe kwa mkono. Hilo sikukwambia, kwa kuwa hata mie sijawahi kuliwaza. Tangu nikabidhiwe mashine hii kazi yangu imekuwa kuongeza, kuongeza tu.

Na bei ni mie niliyekwambia uijaze. Na uliniandikia kabisa, usiihesabu 212, nami nikacheka yale maneno ya mzee ya kisahani cha plastiki, nikaikunja barua nikaitia kwenye droo. Nilisoma utani, nikaruka wosia.

Kinyago kipo hapa ofisini, salama. Usihofu. Alhamisi Twaha atakuletea. Kaka yako aje kwa amani.

Mwamvita


Tandika.
11 Mei 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo mbili, ya juzi na ya leo. Nilikuandikia na moto kichwani, nisamehe.

Albano kashuka melini asubuhi. Amekonda. Kabla hata ya kuweka begi chini ameuliza, mama yuko wapi? Nimemwambia yuko Kinondoni, ofisini, tulimpeleka akatunzwe vizuri maana stoo yetu inavuja. Ameridhika. Sasa hivi amekaa kibarazani ananoa patasi za baba, na kila akimaliza moja anaijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, vilevile kama baba alivyokuwaga.

Namshukuru Mungu, halafu wewe.

Recho


Tandika.
12 Mei 1994

Dada,

Twaha amekuja mikono mitupu. Anasema ofisini kwenu hakuna kinyago hata kimoja, vyote viliondoka wiki iliyopita. Albano alikuwa amesimama palepale nami. Aliokota patasi zake akaingia ndani.

Recho


Kinondoni.
14 Mei 1994

Recho,

Barua hii kaja nayo Twaha pamoja na mzigo. Fungua mzigo kwanza. Ukimaliza kaa, usome.

Nilikudanganya. Nilipoandika kwamba kipo salama ofisini, kinyago kilikuwa bandarini, kwenye kasha lililopigiliwa misumari, linasubiri meli. Niliogopa. Nilijiambia nitakiwahi kabla hujajua. Njia ya mwongo fupi, na yangu haikufika hata Ijumaa.

Nilikwenda kwa meneja. Adelard si mtu mbaya, ila akili yake yote imeshapanda melini. Akasema kasha likishafungwa na hati zikishagongwa muhuri halifunguliwi kwa sababu ya kitu kimoja, binti alipwe bei yake mara mbili yaishe. Nikamwambia, bwana, yule ni mama yake. Akasema, Mwamvita, yule ni mti.

Nikatoka. Nikaswali, nikakaa kwenye kiti changu, nikaitazama ile mashine kwa chuki. Ndipo nikawaza: kasha halitembei lenyewe pale bandarini. Kinacholitembeza ni karatasi, na karatasi inatoka kwangu. Nikaenda kwenye 212, nikaitoa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutoa mstari tangu nianze kazi hii. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikaiambia, leo ndiyo.

Nikaprinti orodha upya, nikatia sahihi yangu, nikaipeleka forodha kwa miguu yangu. Nikasema orodha ya kwanza ina kosa, kosa ni langu, hii ndiyo sahihi. Ofisa akahesabu. Akahesabu tena. Akasema, mama, orodha yako na mzigo wako havilingani, kitu kimoja kimezidi, makasha haya hayapandi meli mpaka yafunguliwe. Nikasema yafunguliwe, baba, ndicho kilichonileta.

Nimekaa ghalani nimejifunga kanga kiunoni huku wanang'oa misumari. Alikuwa kwenye kasha la mwisho, chini kabisa. Nimemtambua kwa ungo, na kwa kile kidole.

Sasa kuna jambo, na hili sikufichi. Vijana wa kufungasha walimpaka rangi nyeusi ya viatu mwili mzima ili ang'ae. Uso hawakuugusa. Nilimuuliza mmoja, nyie hamkushangaa kinyago hakina uso? Akanijibu, mama, wazungu wanapenda hivyo.

Meneja anataka kuniona Jumatatu. Na aone. Kesho nitakuja Tandika na unga wangu. Ukinifukuza nitaukalia nje ya mlango wako.

Mwamvita


Tandika.
17 Mei 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo.

Jumapili sikukusemesha. Nilikuona jikoni unasonga ugali na shangazi, jasho linakutoka, mkono umeungua, umewachekesha wanawake wa Chanika mpaka wamesahau wako msibani. Nikapita na sahani zangu. Hukustahili, najua. Umemtoa mama yangu kwenye kasha. Hasira yangu si ya kinyago wala ya mashine. Ni ya ule uongo. Mashine haikujua, lakini wewe ulijua, nami nikauchukua uongo wako nikampa kaka yangu kwa mkono wangu, naye akakaa akanoa patasi juu yake. Nimeshalisema, limetoka. Sasa naweza kukushukuru, na nakushukuru kwa moyo wote.

Jana Albano amemsugua mama kutwa nzima kwa mafuta ya taa na msasa laini. Mwili umetakata. Katikati ya vidole rangi imeingia, haitoki. Anasema basi, mama alikuwa akipika kwa kuni, hata akiwa hai vidole vyake vilikuwaga hivyo.

Jioni akashika patasi ya baba akaiweka pale pa uso. Akaniuliza, Recho, mama alipokuwa akicheka, mdomo ulikuwa unapanda upande gani?

Dada, sikujua. Yeye mwenyewe hajui. Tumekaa watoto wawili wa Felicitas hatujui. Tulibishana, kulia, kushoto, tukacheka, kisha nikaanza kulia. Baba alijua. Picha tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, na pale hacheki.

Nikamwambia, fanya upande wowote, nani atasema umekosea? Akaishusha patasi akamfunika mama.

Recho


Kinondoni.
20 Mei 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Ule uongo umenishika shingoni kwa haki, na sitajitetea. Nikikuandikia "usihofu" tena, uwe na hofu.

Meneja kanipa barua ya onyo. Alitaka kunisimamisha, akauliza nani mwingine anaijua mashine, ofisi nzima ikatazama chini. Kwa hiyo nipo. Makasha yamepanda meli, yamechelewa kidogo tu, na mnunuzi hajalalamika hata kwa simu.

Upande wa mdomo wa mama yenu siwezi kukusaidia, ningejua ningekwambia hata usiku wa manane. 

Ila kuna neno nataka kukuuliza. Adelard kasikia kwamba sasa najua kufuta, basi kapata kazi mpya ya kunipa: wachongaji waliofariki watolewe kwenye mashine na vyote vyao, wabaki walio hai. Nimeanza jana. Nimefika kwa mzee. Romani Nandonde, mistari yake imejaa kioo kizima na mingine iko chini haijaonekana. Mashine ikaniuliza kama nina hakika.

Sina hakika. Wewe kwako ulishamfuta, na ulikuwa na sababu. Labda ndivyo unavyotaka na huku. Nimeiacha mashine na swali lake, nimezima kioo. Niandikie neno moja tu, mengine nitapambana na meneja.

Mwamvita


Tandika.
23 Mei 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Usimfute.

Nilidhani nikimtoa nitapumzika. Sijapumzika. Kila asubuhi nafungua faili, nashuka, nafika pale alipokuwa, namba zinaruka, na mimi najua zinaruka kwa nini. Wachongaji wakiniuliza urefu wa kinyago fulani cha mzee, nasema sina. Mtoto wake, sina!

Nilikulaumu kwamba mashine yako haijui kufuta. Leo naomba hukohuko kusikojua kufuta. Kama inaweza kuchukua vyangu ikavipeleka kwako, haiwezi kuchukua vyako ikanirudishia? Nakuletea disketi tupu. Na ile 212 uliyoitoa ili kasha lifunguliwe, kama unaikumbuka ilivyokuwa, itie nayo.

Recho


Kinondoni.
27 Mei 1994

Mdogo wangu,

Hayo uliyouliza sijawahi kuyafanya na kitabu cha mashine hakiyasemi, kwa hiyo nimeyafanya nikisoma Bismillahi. Yote ya mzee yamo. 212 nimeiandika upya kwa mkono, kama ilivyokuja mara ya kwanza. Meneja nimemwambia wafu hawali umeme, akaondoka zake.

Disketi nimeifunga kwenye kanga yangu. Kanga usirudishe.

Mwamvita


Tandika.
30 Mei 1994

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Nimeingiza. Yumo.

Nilikuwa nimepanga kushuka haraka nisitazame. Nikaanza: Wanaotwanga Wawili. Mzee Anatoa Mwiba. Kisha Mtoto na Mbuzi, nikasimama, maana mbuzi yule namkumbuka, alikula daftari langu la darasa la pili na baba badala ya kumpiga akamchonga. Jonas alikuwa nyuma yangu anatafuta kalamu. Akasema, hicho nilikibeba mimi mpaka mjini, kilivunjika sikio, mzee akaligundisha na wala hujui. Akamwita mwingine. Wakaingia na vumbi lao la mpingo, wakajaza chumba, kila mstari mtu ana neno lake, huyu anasema mti wake ulikuwa na ufa, yule anasema hapana, ufa ulikuwa wa kile cha mwaka uliofuata. Kazi haikufanyika asubuhi nzima. Nimecheka, dada. Mbele ya faili ileile.

Albano kaondoka na meli ya Ijumaa. Mama amebaki, chini ya kanga yake. Kabla ya kuondoka Albano aliniambia kwamba baba alimfundisha mengi lakini la kwanza lilikuwa hili, kwamba usichokijua usikichonge. Akikumbuka ule mdomo atarudi, hata ikiwa uzeeni. Asipokumbuka, hatajaza uso wowote ili tu pasiwe patupu. Nilimwonea hasira siku mbili. Leo sina.

Nimefika 212. Imerudi na ile elfu kumi yangu. Kwenye jina nimeandika Felicitas. Kwenye hali nimeandika hakiuzwi. Bei nimeifuta, nikaacha patupu. Mashine ikapiga kelele ikaniuliza kama nina hakika, na safari hii nikajibu ninayo.

Disketi hii hapa. Yako haitaki tundu, najua, itagoma. Ikigoma, dada yangu, usiijazie.

Recho Romani Nandonde